Riwaya Nzima kwa Pumzi Moja

Barua za toleo hili zimetoka Tanga, Mombasa, Nairobi na Muscat. Waandishi wake hawajuani, lakini wote wanne wanauliza jambo moja: mtu aliyekesha miaka akiandika riwaya ataisemaje kwa muda mfupi anaopewa na mhariri, na mwenye duka la vitabu, au na msomaji anayepita njia? Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu mwandishi wake ameambatisha maneno yenyewe aliyoyatumia, na ugonjwa huonekana vizuri zaidi mgonjwa mwenyewe akiwapo.

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari mkoani Tanga, na nimemaliza riwaya yenye kurasa 312 iliyonichukua miaka sita. Mchapishaji mmoja aliniambia nisimtumie mswada kwanza, bali nimwandikie sentensi tatu tu za kumshawishi aupokee. Nikaandika hivi: "Riwaya hii ya kusisimua inazungumzia masuala mbalimbali yaliyomo katika jamii yetu, kama vile migogoro ya ardhi, tamaa, nafasi ya mwanamke na mmomonyoko wa maadili. Mwandishi ametumia lugha tamu iliyosheheni methali, nahau na tamathali za semi. Ni riwaya inayoelimisha, kuburudisha na kuonya, na kila Mtanzania anapaswa kuisoma." Huu ni mwezi wa tano sijajibiwa. Nimekuambatishia muhtasari wa kurasa nne ili uone kwamba hadithi yenyewe si mbaya. Nimekosea wapi?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nimeusoma muhtasari wako wote, na hadithi yako si mbaya hata kidogo. Tatizo ni kwamba ulichomwandikia mchapishaji ni jibu la mtihani wa fasihi, tena jibu zuri ambalo mimi na wewe tungelipa alama nane kati ya kumi bila kusita. Sote tulipita humo: tulipewa riwaya, tukafundishwa kuichambua kwa dhamira, wahusika, migogoro, matumizi ya lugha na falsafa ya mwandishi, na wengine wetu tumeendelea kuwafundisha wenzetu hivyo hivyo kwa miaka mingi. Mtu akizoea kuifungua riwaya kwa ufunguo huo, siku anapotakiwa kuizungumzia ya kwake huanza kuihakiki kabla hajaisimulia. Mchapishaji wako hajaisoma riwaya hiyo, kwa hiyo orodha ya dhamira zake haimwambii kitu, kama vile mwenye njaa asivyoshiba kwa kusomewa kwamba chakula kina wanga na protini.

Fanya jaribio hili dogo. Chukua sentensi zako tatu, nenda nazo maktaba ya shule yako, uzishike juu ya jalada la riwaya yoyote ya Kiswahili utakayoikuta rafuni. Zitaienea riwaya ya upelelezi, zitaienea ya mapenzi, zitaienea ya enzi za ukoloni, kwa sababu hakuna riwaya duniani isiyozungumzia masuala mbalimbali yaliyomo katika jamii. Siku moja nilifungua barua pepe tatu mfululizo zenye maneno "mmomonyoko wa maadili": ya kwanza ilihusu mauaji katika nyumba ya wageni, ya pili ilihusu mke wa mvuvi, na ya tatu sikumbuki ilihusu nini, jambo ambalo mwandishi wake hana sababu ya kulifurahia.

Kinachokosekana ni mtu. Katika maneno yako kuna jamii, kuna mwanamke wa jumla asiye na jina, kuna mwandishi anayeisifu lugha yake mwenyewe, na kuna Watanzania wote waliopewa amri ya kusoma. Hayumo hata mmoja anayetaka kitu akakikosa. Lakini katika ukurasa wa tatu wa muhtasari wako yumo. Nilimkuta Mwanaidi amepiga magoti mbele ya sanduku la bati la marehemu baba yake, na chini ya kanzu ya Idi na redio mbovu ametoa karatasi ambayo ameisoma mara mbili. Baba yake alikuwa karani wa shamba la mkonge. Karatasi inasema mambo mawili: kwamba ekari tatu anazolima kaka yake ni mali ya familia, na kwamba ardhi iliyobaki, ambako wenzao wote wamejenga, karani huyo aliiuza kwa siri. Kaka yuko mahabusu kwa shtaka la kuvamia shamba la mwekezaji. Karatasi ikionekana mahakamani, kaka atatoka. Na karatasi hiyo hiyo ikionekana, kaya arobaini zitahama. Hapo nikaweka kikombe chini. Mwalimu, umeandika kurasa 312 kuhusu karatasi moja, halafu ukampelekea mchapishaji barua isiyoitaja.

Sababu ninaihisi. Muhtasari wako unaanza mwaka 1893, mkonge ulipoletwa katika pwani ya Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani. Unapita kwa manamba, vibarua waliotolewa bara kuja kuukata. Unaeleza jinsi nyuzi za viwandani zilivyoiangusha bei ya mkonge duniani. Na Mwanaidi anatokea tukiwa tumeshachoka. Umefanya utafiti wa kweli na una haki ya kuuonea fahari, ila huo ni msingi wa nyumba, na mgeni hukaribishwa kwa kupitishwa mlangoni.

Kwa hiyo andika ukijibu maswali manne tu, kwa mpangilio wowote utakaokupa sentensi nzuri: ni nani, anataka nini, nini kinamzuia, na akikipata atapoteza nini. Swali la nne ndilo ambalo waandishi wengi hulisahau, na kwako ndilo lenye uzito kuliko yote. Mhusika anayezuiwa na mtu mwovu tumemzoea mno. Anayezuiwa na wema wa majirani zake hatujamzoea. Mimi ningeandika hivi:

"Kaka yake Mwanaidi yuko mahabusu kwa kulima shamba linalodaiwa kuwa la mwekezaji. Ndani ya sanduku la marehemu baba yao, Mwanaidi anakuta hati inayothibitisha kuwa shamba hilo ni lao, na kwamba ardhi nyingine yote ya kijiji hicho cha wakata mkonge baba aliiuza kwa siri. Kesi itasikilizwa Jumatatu, na majirani wa kaya arobaini wanamchangia nauli ya kwenda mahakamani."

Sentensi zako zilikuwa na maneno 46 na hizi zina 56, lakini nakuhakikishia kwamba hizi ndizo zinazosomeka haraka. Angalia nilichoacha. Jina la kaka halimo, kwa sababu msomaji wa barua fupi anaweza kubeba jina moja, na ukimtwisha matatu atayaangusha yote. Mwaka 1893 haumo, ingawa "wakata mkonge" imebeba sehemu yake kimya kimya. Neno "kusisimua" halimo, wala sikusema popote kwamba Mwanaidi yuko njia panda. Nimewaonyesha majirani wakichanga nauli, na msomaji ataiona njia panda mwenyewe. Jambo hilo la nauli sikulibuni. Umelitia ndani ya mabano katika ukurasa wa nne, kwa maneno matatu, kana kwamba unaliomba radhi. Katika kurasa zako zote nne sikuona jingine linalolifikia. Jumatatu nayo ni ya kwako, nami nimeisogeza mbele kwa sababu siku yenye jina humfanya msomaji ahesabu, na maneno kama "hivi karibuni" hayana nguvu hiyo.

Mchapishaji makini anaweza kukuuliza hati hiyo ni ya mwaka gani, na mauzo hayo yanasimamaje mbele ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Akiuliza hivyo, furahi, kwa sababu haulizi hivyo ila mtu aliyekwisha kuingia ndani ya hadithi. Jibu uwe nalo, lakini usilitangulize.

Kuhusu lugha yenyewe nina mawili. La kwanza ni neno "ambaye". Rasimu yangu ya kwanza ilisema: "Mwanaidi ni mwanamke ambaye kaka yake, ambaye ni mkulima, amekamatwa katika shamba ambalo inadaiwa kuwa ni la mwekezaji," na nikajikuta natembea kwenye matope. Kiswahili kimetupa virejeshi vinavyokaa ndani ya kitenzi, yaani "linalodaiwa" na "aliyekamatwa", na katika maandishi mafupi hivyo ndivyo vya kutumia. La pili ni hesabu ya maneno. Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa kwa Kiingereza, na utaona ikikuwekea ukomo wa maneno kama 25. Ukomo huo haututoshi wala hautufai. Neno letu "aliiuza" lina mtenda, wakati, mtendwa na tendo lenyewe ndani ya herufi saba, kwa hiyo hapo tunapata faida. Lakini kila "ya", "wa" na "la" inahesabiwa kuwa neno kamili, na hapo tunapata hasara. Usihesabu maneno. Sema kila sentensi kwa sauti, kwa pumzi moja, kama mtu anayemwambia jirani yake jambo kati ya kituo kimoja cha daladala na kingine, na pale pumzi inapokatika ndipo pa kukata sentensi.

Miezi mitano ni mingi, kwa hiyo mwandikie tena. Usimlalamikie kwa kutokujibu. Mtumie maneno mapya tu, na chini yake aya moja ya kujitambulisha kama mwalimu aliyeishi karibu na mashamba hayo.

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni mtu mzima wa Mombasa, na nimelelewa nikiambiwa kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Riwaya yangu ya maisha ya mabaharia ilitoka mwaka jana, na vijana wananihimiza niitangaze kila niendapo. Naona haya kujisifu mbele za watu. Je, hakuna njia ya kuuza kitabu kwa staha?
Mzee wa Mji wa Kale

JIBU: Shikamoo, Mzee wangu. Methali hiyo naiheshimu, lakini nadhani aliyeitunga alikuwa amesimama sokoni. Papai linaonekana rangi, linabonyezwa kwa kidole gumba, linanuswa, na mnunuzi anajiamulia bila muuzaji kufungua kinywa. Kitabu kilichofungwa hakimpi mtu hata kimoja kati ya hivyo. Kwa nje vitabu vyote ni karatasi, kizuri na kibaya.

Wewe ni mtu wa Mji wa Kale, kwa hiyo mfano wangu uko mlangoni kwako. Muuza kahawa anapopita jioni na dele lake la shaba, makaa chini na vikombe vidogo mkononi, humsikii akisema kahawa yake ni tamu. Isitoshe si tamu, ni chungu, na wanaoinywa wanajua. Anagonganisha vikombe. Sauti ile haisifu chochote. Inawaarifu waliokaa barazani kwamba kahawa ipo na ni ya moto, na harufu inamalizia. Hakuna aliyewahi kumwita muuza kahawa mtu wa kujisifu.

Tofauti ya kujisifu na kugonganisha vikombe unaweza kuipima kwa sarufi. Andika unachotaka kusema, kisha angalia kiima cha kila sentensi. Kama kiima ni "mimi", au "riwaya yangu", au "kazi hii", basi unajisifu, hata kama umejishusha kwa maneno ya unyenyekevu. Kama kiima ni baharia wako, unasimulia. "Riwaya yangu inagusa hisia" ni sifa. "Nahodha anarudi bandarini na mabaharia sita, na aliondoka na saba" si sifa ya mtu yeyote, na sijui ni nani barazani kwako atakayenyamaza baada ya kuisikia. Wazee wetu walijua kazi hii kabla hatujawa na wachapishaji. Msimulizi alisema "Paukwa!" na asiendelee mpaka waitikie "Pakawa!", aliomba ruhusa ya kusikilizwa, na baada ya hapo akaingia moja kwa moja kwenye kisa, bila kueleza kwamba hadithi yake ina mafunzo.

Nakuambia haya kama mtu aliyewahi kufedheheka kwa kinyume chake. Nilipokuwa kijana nilipata miadi na meneja wa kampuni moja ya uchapishaji ili nimweleze riwaya yangu ya kwanza. Nilizungumza kwa dakika ishirini. Nilimweleza usuli, nilimweleza niliyoyapitia nikiiandika, nilimweleza mjomba wangu alivyolia alipoisoma. Chai yake ya maziwa ilipoa mpaka ikafanya utando juu. Nilipotulia alisogeza utando ule kwa kijiko, akaniuliza kwa upole kabisa: "Kwa hiyo, nani anafanya nini?" Sikuwa na jibu. Si kwamba riwaya haikuwa nalo. Mimi ndiye sikuwa nimewahi kulitafuta.

SWALI: Nimepata sehemu ya meza katika Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, pale Sarit Centre, ili niuze riwaya niliyoichapisha mwenyewe. Watu hupita kwa kasi. Mara ya kwanza nilipojaribu niliwaita, "Karibu, riwaya nzuri sana, bei nafuu," na wengi wakatabasamu wakaenda zao. Niwaambie nini safari hii?
Mchapishaji wa Kitabu Kimoja, Nairobi

JIBU: Kwanza jua ni nani anayepita. Wengi wanaoingia pale ni walimu na wazazi wanaotafuta vitabu vya shule, na swali lao la kwanza litakuwa kama kitabu chako kimeidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Wajibu kwa ukweli na kwa neno moja, kwa sababu mwalimu aliyezungushwa hatarudi, na atawaambia wenzake. Kama ni mwalimu anayetafuta kitabu cha ziada cha maktaba ya shule, hapo ndipo yale niliyomkataza mwenzako wa Tanga yanapokuwa halali: mwambie dhamira, mwambie umri wa wasomaji, mwambie kwamba hamna lugha ya matusi. Huyo ananunua kwa niaba ya wengine, na kesho atatakiwa kumweleza mwalimu mkuu kwa nini alinunua. Mpe maneno ya kwenda kusema huko.

Msomaji anayejinunulia mwenyewe ni mtu mwingine, naye aandaliwe maneno mengine. Usimuulize kama anapenda kusoma, maana atajibu "ndiyo" huku miguu ikiendelea na safari. Sema sentensi moja yenye mtu na tatizo lake, kisha umpe kitabu mkononi kikiwa kimefunguliwa ukurasa uliouchagua jana yake na kuuwekea kikaratasi, halafu unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Hesabu hadi ishirini moyoni kama huwezi vinginevyo. Ukurasa huo usiwe wa kwanza kwa lazima. Uwe ule ambao watu wawili wanagombana, kwa sababu mazungumzo husomeka upesi hata mahali penye kelele. Bei na namba ya kulipia kwa M-Pesa ziandike kwa herufi kubwa mezani, ili kinywa chako kisizitaje. Kusema "bei nafuu" kabla mtu hajauliza bei ni kumwambia kwamba wewe mwenyewe una wasiwasi na bidhaa.

Na ukigeuza kitabu chako, jalada la nyuma linasema nini? Naomba lisiwe wasifu wako. Nimeona riwaya nyingi zilizochapishwa na waandishi wenyewe ambazo upande wa nyuma zina picha ya mwandishi akiwa amevaa joho, mahali alipozaliwa, shahada ya kwanza, shahada ya pili, na shukrani kwa mke na watoto. Kile ni kiwanja cha bei kubwa kuliko vyote ulivyo navyo, na msomaji hukitazama kabla ya kufungua ukurasa wowote. Weka pale sentensi zile zile utakazokuwa ukizisema, ili jicho lisome kile ambacho sikio limetoka kusikia. Shahada zako zikae ukurasa wa mwisho, ambako mtu aliyekipenda kitabu atakwenda kuzitafuta mwenyewe.

SWALI: Assalamu alaykum. Riwaya yangu imetoka matbaani mwezi uliopita, na nataka kuitangaza kwa jamaa na marafiki kwenye simu, maana Waswahili wa huku Oman wanasoma. Shida ni kwamba ina vizazi vitatu na wahusika kumi na wanne. Bibi anaondoka Unguja mwaka 1964 na ufunguo wa nyumba yao. Mwanawe anahangaika Mombasa, kisha wanahamia Muscat. Mwisho mjukuu anarudi Unguja na ule ufunguo, ingawa bibi alimwapisha asiufungulie mlango ule kamwe, na anakuta nyumba imekuwa hoteli. Nimtaje nani, nimwache nani? Na je, niseme mwisho wake?
Mama, Muscat

JIBU: Wa alaykumu salaam, Bibi. Nianze na la mwisho kwa sababu ni jepesi. Msomaji asiambiwe mwisho. Mchapishaji anayekuomba muhtasari aambiwe wote, pamoja na siri yenyewe na aliyeificha, kwa kuwa yeye anataka kujua kama unajua kumaliza ulichokianza, na mwandishi anayemwandikia "soma ujionee" anampotezea muda. Na ukipeleka kazi yako kwenye tuzo, kama ile ya Kiswahili ya Safal-Cornell iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, au ile ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023 kule Tanzania, majaji watasoma kazi yenyewe. Usiwaandikie maneno ya kuinadi kana kwamba wako barabarani.

Sasa wahusika wako. Riwaya ya vizazi haiwezi kutangazwa kwa kufuata miaka, kwa sababu ukianza na 1964 utahitaji aya tatu kabla hujafika kwenye jambo linalotuuma sisi wa leo. Tafuta kitu kinachopita mkono kwa mkono, kisha umtaje yule aliye nacho sasa. Wewe hukuhitaji kutafuta. Umeuandika ufunguo mara mbili katika barua fupi. Basi anzia mwisho wa safari yake: "Mjukuu amelipia chumba usiku mmoja katika hoteli ya Mji Mkongwe. Nyumba hiyo ndipo alipozaliwa bibi yake, na ufunguo wa mlango wa mbele uko mfukoni mwake. Bibi alimwapisha asiufungue kamwe." Hayo yanatosha kwa ujumbe wa simu, na chini yake weka picha ya jalada na mahali pa kukipata, bila vikaragosi vya moto na makofi.

Mtoto wa bibi, miaka ya Mombasa, na safari ya Muscat vitakuwa ndani, na wahusika kumi na mmoja waliobaki watasubiri kwa adabu. Kabla ya kutuma, msomee sentensi hizo mtu mmoja asiyejua kwamba ni za kwako, labda kwenye shughuli ya mtu au mkiwa mmekaa na halua na kahawa. Akikuuliza, "Na ufunguo bado unaingia?" usimjibu. Mpe kitabu ashike.